Yeye Aliyebaki na Mama

Mazungumzo ya redio, kipindi cha ibada ya asubuhi. Somo: Marko 7:9-13

Najua wengine wenu mnakamua ng'ombe huku redio imetundikwa mlangoni, na wengine mko njiani. Lakini leo nataka kusema hasa na msikilizaji mmoja. Yeye hakulala vizuri. Usiku aliamka mara tatu, kwa sababu mzee wa nyumba hiyo alikuwa akihangaika na komeo la mlango, akisema anakwenda kwao, na kwao ni hapo hapo. Kama ni wewe, maneno haya ni yako. Sisi wengine tutasikiliza kando, maana nasi yanatuhusu.

Somo letu latoka katika Injili ya Marko, mlango wa 7, tangu mstari wa 9 hata wa 13. Mafarisayo walikuwa wamekuja kulalamika kwamba wanafunzi wa Bwana wanakula bila kunawa mikono. Yeye akawageuzia neno jingine kabisa. Akawakumbusha amri ya Musa juu ya baba na mama, kisha akaitaja desturi yao iitwayo Korbani. Desturi yenyewe ilikuwa hivi: mtu akiwa na mali ambayo ingewafaa wazazi wake, aliweza kutamka kwamba mali hiyo imewekwa wakfu kwa Mungu. Akishasema hivyo, wazazi hawakuwa na dai tena. Angalieni sana, ndugu zangu. Mtu huyu hakuwa mlevi aliyekunywa mali ya babake. Alikuwa mtu wa dini. Alitoa sadaka. Na Bwana akaikemea sadaka hiyo. Liwekeni neno hilo akilini, nitalirudia.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita dimenshia. Sisi nyumbani tunauita majina mengi, na mengine si mazuri. Twasema mzee amekuwa mtoto, au akili zimeruka, au kuna laana ya zamani inayomfuata, au amerogwa. Mwaka 1906 daktari mmoja Mjerumani, jina lake Alois Alzheimer, aliuchunguza ubongo wa mwanamke aliyekufa baada ya kusahau karibu kila kitu, akaona kwa darubini kwamba ubongo ule ulikuwa umeharibika. Ndiyo sababu aina iliyo ya kawaida zaidi ya dimenshia inaitwa kwa jina la daktari huyo mpaka leo. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu kichwani, hasa kwa watu wenye presha ya muda mrefu au waliopatwa na kiharusi. Basi ni ugonjwa wa kiungo cha mwili, kama vile kuna ugonjwa wa moyo au wa figo.

Wala si kila usahaulifu ni dimenshia. Mtu akisahau alikoweka jembe, huo ni uzee, nami mwenyewe nimeanza. Lakini akilishika jembe mkononi asijue ni la kazi gani, hapo pana jambo. Tena sikilizeni hili kwa makini: mzee aliyekuwa na akili timamu wiki iliyopita, na juzi ghafula akaanza kuweweseka, mpelekeni hospitali upesi. Huenda ni malaria, au ugonjwa wa njia ya mkojo, au dawa alizopewa zinagombana. Mambo hayo hutibika. Hata huzuni nzito baada ya kufiwa huweza kumfanya mzee aonekane amepotewa na akili. Nendeni hospitali ya rufaa ya Kitale au ya Bungoma, na wao wakiona haja watawapeleka Eldoret. Si vema mzee akafungishwa kwa siku nyingi katika maombi kabla hajapimwa hata damu. Tuombe, ndiyo, lakini tuombe tukiwa safarini kwenda kwa daktari.

Kwa miaka mingi wataalamu wengi walidhani kwamba sisi Waafrika hatuna ugonjwa huu. Kisha mwaka 1992 watafiti wa Ibadan, Nijeria, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walianza kuwachunguza wazee wa Kiyoruba wa Ibadan na wazee Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. (Ni chuo hicho hicho cha Indiana ambacho kimeshirikiana miaka mingi na Chuo Kikuu cha Moi, na wengi wenu mmetibiwa katika kliniki zilizotoka katika ushirikiano huo.) Waliona kwamba ugonjwa ulikuwa mchache zaidi Ibadan, lakini ulikuwapo. Halafu mwaka 2010 wengine wakaenda karibu nasi zaidi, wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro. Wakapita katika vijiji sita, wakawaona watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Hesabu yao ilionyesha kwamba katika kila wazee mia moja wa umri huo, wapata sita wana dimenshia, hesabu isiyo mbali na ile ya nchi za matajiri. Na walipouliza jamaa zao, wengi walijibu kwamba huo ni uzee tu.

Sasa lihesabuni kanisa lenu. Kama mna wazee 50 waliopita miaka 70, basi yamkini watatu kati yao wanao ugonjwa huu. Je, mnawajua? Mara nyingi hatuwajui, kwa sababu wameacha kuja kanisani, nasi tukadhani ni miguu.

Sina budi kusema pia juu ya tuhuma za uchawi, maana jambo hili limemwaga damu katika nchi yetu. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa moto kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Huko Kilifi pia wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma kama hizo. Nani huwa wa kwanza kunyooshewa kidole? Ni bibi anayetembea usiku, anayesema peke yake, anayeingia katika boma la jirani bila kubisha hodi na hawezi kueleza amefuata nini. Tumekwisha kusikia kwamba hizo ni dalili za ugonjwa. Mkristo anayenyamaza wakati mzee wa namna hiyo anapoitwa mchawi, damu hiyo itaulizwa mikononi mwake.

Katika chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba vitabu vile vya kale visivyomo katika orodha ya Biblia ya Kiprotestanti, Kanisa letu la Kianglikana huvisoma kwa mfano wa maisha na mafunzo ya tabia njema, ingawa halijengi fundisho la imani juu yake. Kimoja ni cha Yoshua bin Sira. Katika mlango wake wa 3 anamwusia mwana amsaidie babaye katika uzee, na anaongeza neno ambalo sijaliona mahali pengine likisemwa waziwazi hivyo: kwamba hata akili za babaye zikimwishia, amvumilie wala asimdharau, yeye mwenye nguvu zake zote. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita mtu huyu alikwisha kuuona ugonjwa huu nyumbani mwa watu.

Na dharau ina sura nyingi. Alikuwako Mwingereza mmoja, Tom Kitwood, ambaye ujanani alipewa daraja la ukasisi katika Kanisa la Uingereza na akafundisha kwa miaka kadhaa Uganda, ng'ambo tu ya Malaba yetu. Baadaye aliiacha kazi ya ukasisi akawa mtaalamu wa mambo ya nafsi, na mwaka 1997 akaandika kitabu juu ya dimenshia. Alikaa katika nyumba za kutunzia wazee, akaangalia. Akaorodhesha mambo 17 ambayo watu wema kabisa, bila nia mbaya, huwafanyia wagonjwa hawa na kuwazidishia unyonge. Kumdanganya ili atii. Kumsemesha kama mtoto mchanga. Kumharakisha. Kusema habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Kumnyang'anya kazi anayoiweza bado, eti anachelewesha. Kumcheka. Kwa maoni yake, sehemu ya kile tunachokiita ugonjwa huwa ni jeraha tulilolitia sisi. Mimi nakubaliana naye. Nimemwona bibi aliyenyamaza miezi, akipewa ungo wa maharagwe achambue, akachambua vizuri mpaka mwisho, kisha akaanza kuwauliza watoto majina yao. Na wazee wa Kibukusu wasiokumbuka walichokula asubuhi, waulize walitahiriwa mwaka gani na pamoja na nani. Utaketi mpaka jioni.

Lakini nimesema leo nina neno hasa na yule anayetunza. Turudi kwake.

Mwaka mmoja, katika kuzuru nyumba za Wakristo upande wa Kimilili, niliingia boma moja nikamkuta mama mzee ameketi juu ya ngozi, chini ya paa. Mguuni alikuwa amefungwa kipande cha kanga, na ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo. Binti yake wa mwisho alitoka jikoni akiwa na jembe begani. Alikuwa ameachana na mumewe, akarudi nyumbani, na tangu hapo kazi ya mama ikawa yake. Alinitazama kabla sijasema neno.

"Mchungaji, usinitazame hivyo," akasema. "Nikimwacha, anateremka mtoni. Juzi walimkuta katikati ya mahindi, jua limezama, hana kiatu. Na nisipokwenda kulima kibarua, jioni tutakula nini?"

Sikumkemea. Nilikaa. Akaweka jembe chini akaanza kuniambia mambo, na aliyaeleza kwa utaratibu kama mtu aliyeyakariri usiku. Mama hamjui tena kama binti. Siku hizi humwita Mayi, yaani mama. Humlilia akitoka nje, kama mtoto wa miaka miwili. Humshitaki kwa majirani kwamba amemwibia pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za mwezi, na pesa zenyewe ndizo zinazonunua sabuni. Kaka zake ni watatu. Wawili wana mashamba upande wa Kiminini, karibu na Kitale, na mmoja ameajiriwa Nairobi. Hutuma pesa kwa simu, si kila mwezi. Wanapofika wakati wa Krismasi, mama huchangamka, huwasalimu, hucheka, huuliza habari za mahindi. Kwa saa moja hivi ni yule mama wa zamani. Nao huondoka wakisema, "Mama yuko sawa. Wewe unatia chumvi." Wakishafika barabarani, mama huuliza wale wageni walikuwa akina nani.

Nikamwuliza binti anahitaji nini zaidi. Nilidhani atasema pesa. Akasema, "Kulala. Usiku mmoja tu, mpaka kupambazuke."

Jambo hilo limechunguzwa, wapenzi wasikilizaji, na yaliyopatikana yanafaa kusikiwa na kila ukoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu anayemtunza jamaa mwenye dimenshia hutumia kwa wastani saa tano kila siku katika kazi hiyo, na kwamba katika kila saa kumi za kutunza, saba hufanywa na wanawake. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee waliokuwa wakiwauguza waume au wake zao. Waliwafuatia kwa miaka minne. Wale waliosema kwamba kazi hiyo inawalemea, hatari yao ya kufa ilikuwa kubwa kwa asilimia 63 kuliko ya wenzao wasiouguza mtu. Wale waliotunza bila kulemewa, hatari haikuzidi hivyo. Yaani kinachoua hasa ni kulemewa. Tunaweza kumzika mtunzaji kabla ya mgonjwa, na nafikiri wengine wenu mnaijua nyumba ambamo ndivyo ilivyokuwa.

Basi ni nini kinachomlemea mtunzaji? Mtu angejibu haraka: ni ukali wa ugonjwa. Kadiri mzee anavyoharibika, ndivyo mzigo unavyozidi. Mwaka 1980 mtaalamu mmoja, Steven Zarit, pamoja na wenzake, waliwauliza jamaa wa wagonjwa 29. Walitazama usahaulifu, walitazama tabia ngumu, walitazama ugonjwa umedumu miaka mingapi. Hayo hayakueleza uzito wa mzigo. Kitu kilichoonekana kuupunguza kilikuwa hiki: ni mara ngapi jamaa wengine huja kumzuru mgonjwa. Watoto wengine, wajukuu, ndugu. Palipokuwa na wageni wengi, mtunzaji alihisi mzigo mdogo, hata kama mgonjwa alikuwa na hali mbaya. Walikuwa watu wachache, na baada ya hapo uchunguzi mwingi mkubwa zaidi umefanywa. Ukali wa ugonjwa nao una uzito wake. Lakini mimi sijaweza kuusahau ule wa kwanza. Kutembeleana! Jambo ambalo sisi tunajisifu kwamba ndilo tulilo nalo kuliko Wazungu.

Huko New York nako walifanya jambo jingine, lililoanza mwaka 1987. Waliwachukua waume na wake 406 waliokuwa wakiwauguza wenzao. Nusu yao walipewa vikao sita vya mashauri: viwili mtunzaji peke yake, na vinne pamoja na jamaa zake wote. Kisha wakaunganishwa na kikundi cha watunzaji wenzao, na wakapewa nafasi ya kupiga simu kwa mshauri wakati wowote. Nusu nyingine walipata msaada wa kawaida tu. Wale wa kwanza waliweza kuendelea kuwatunza wagonjwa wao nyumbani kwa muda uliozidi wenzao kwa karibu mwaka mmoja na nusu, nao wenyewe walikuwa na huzuni kidogo zaidi. Hapakuwa na dawa mpya. Vikao vinne vya ukoo! Sisi tunaita vikao vya ukoo kwa ajili ya mahari, kwa ajili ya matanga na kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kwa ajili ya mama anayepotewa na akili, nimeviona vichache mno.

Kikao cha boma lile la Kimilili tulikiita. Mzaliwa wa kwanza alikuja kutoka Kiminini, amevaa koti, akasema kwa upole kwamba yeye hana lawama: hutoa fungu la kumi, na mabati ya kanisa letu, nusu yake ni ya mkono wake. Ilikuwa kweli. Nilimshukuru kwa mabati. Kisha nikafungua Marko 7, nikasoma mistari ile mitano bila kueleza neno, nikamwomba binti aeleze siku moja tangu alfajiri mpaka alfajiri. Alieleza. Hakuna aliyemkatiza. Shemeji yao, mke wa huyo mkubwa, ndiye aliyelia wa kwanza.

Sitawaambia kwamba yote yalikwisha vizuri. Wa Nairobi hakufika, na mpaka leo hutuma ujumbe wa simu tu. Lakini walizungushia boma ua wa miti wenye lango, na komeo wakaliweka juu, mahali mama asipofikiria kutazama, ili atembee apendavyo humo ndani bila kufungwa mguu. Ndugu wa pili huja Jumamosi moja baada ya nyingine, akalala huko, na usiku huo dada yake hulala kwa jirani. Mara ya kwanza, aliniambia, alilala mpaka saa tatu asubuhi akaamka kwa hofu, akidhani mama amekufa.

Tena palikuwa na jambo la shamba, nitaligusa tu. Ilisemekana kuna mtu alitaka mama atie kidole gumba katika karatasi ya mauzo. Wapendwa, alama ya kidole ya mtu asiyejua leo ni siku gani si kibali chake. Anayeipata hivyo ameiba, hata kama mashahidi walikuwapo na soda ilinywewa.

Sasa nirudi kwenye Korbani, maana si mzaliwa wa kwanza peke yake. Kanisa nalo lina Korbani yake. Mama huyu mtunzaji ni mshiriki wa Umoja wa Akina Mama. Amekosa mikutano. Katika daftari ameandikwa hayupo, hayupo, hayupo, na mwishowe mtu akapendekeza afutwe, kwa kuwa amepoa kiroho. Tunamdai mchango wa harambee. Tunamwuliza sare. Hakuna aliyeuliza kwa nini Alhamisi hawezi kutoka. Kama tungemwachia michango yote ya mwaka mzima, na badala yake akina mama wawili wakaketi na mzee huyo kila Alhamisi tangu saa nane hata saa kumi, mtunzaji akaenda sokoni, au kliniki, au akalala tu, nadhani Bwana wetu angeipokea sadaka hiyo. Wanaume wa KAMA wanaweza kujenga ua. Vijana wa KAYO wanaweza kwenda kuimba, na waimbe nyimbo za zamani, zile za kitabu, si za jana. Mzee aliyesahau majina ya watoto wake mara nyingi huimba ubeti mzima. Mhudumu wa afya wa kijiji apewe nafasi baada ya ibada awapime watu presha. Tangu mwaka 2023 wahudumu hao wamepewa mikoba yenye vifaa, na presha isiyotunzwa katika umri wa kati ni mojawapo ya mambo yanayoleta dimenshia uzeeni. Hayo si mambo makubwa. Hayahitaji mgeni wa heshima.

Nasi makasisi tuna la kwetu. Tusiache kumpelekea mgonjwa huyu Meza ya Bwana kwa kusema haelewi. Nani kati yetu anaielewa? Nimeona mkono uliokuwa ukitetemeka ukinyoshwa na kupokea mkate kama zamani, na midomo ikaifuata Sala ya Bwana mpaka Amina. Watu huniuliza: je, mama aliyekuwa mwombaji, sasa akiwa amemsahau hata Yesu, ameokoka bado? Someni Wagalatia mlango wa 4, mstari wa 9. Mtume Paulo anaanza kusema kwamba Wagalatia wamemjua Mungu, halafu anajisahihisha: ni Mungu aliyewajua wao. Wokovu wa mama haukuwekwa katika kumbukumbu yake. Katika Isaya 49 Mungu anakubali kwamba yawezekana hata mama akamsahau mtoto anyonyaye, lakini yeye hasahau.

Na kuna neno moja ambalo wewe uliyekesha usiku huthubutu kumwambia mtu. Kuna siku umeomba Mungu amchukue. Au umeomba akuchukue wewe. Kisha ukaogopa. Fungua Hesabu mlango wa 11. Musa, mtumishi wa Mungu, amechoka na watu. Anamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukua mimba watu hawa hata awabebe kifuani kama mlezi. Anasema mzigo ni mzito mno kwake peke yake, na kama mambo ndiyo haya, afadhali auawe. Hayo ndiyo maombi ya mtunzaji. Mungu alimjibu nini? Hakumkaripia. Wala hakumwambia ajikaze, au afunge siku tatu. Alimwambia akusanye wazee sabini, wauchukue mzigo pamoja naye, asiuchukue peke yake. Sabini, wasikilizaji. Sisi tunashindwa kupata wawili kwa Alhamisi moja.

Nawe, mpendwa, wakija, uwakubalie. Usiseme hawatajua kumlisha. Watamlisha vibaya, uji utamwagika, atavalishwa sweta nyuma mbele, naye ataishi. Waonyeshe palipo na maji, waonyeshe komeo, kisha nenda.

Tuombe. Bwana Yesu, ulipokuwa msalabani ulimtazama mama yako ukamtafutia nyumba. Mtazame na huyu aliyeamka mara tatu usiku wa leo. Mpe mtu wa kubisha hodi kabla ya Alhamisi. Mtazame na yule mzee anayetafuta njia ya kwao. Ajapo kusahau jina lako, umwite kwa jina lake. Amina.